SIKU MOJA YA KUTEMBEA KWA MIGUU NYAMONGO

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama mkutanoni)



Tumeombwa kusema kidogo juu ya siku tuliyoitumia kuutembea mji wetu kwa miguu. Pengine mtu atacheka na kuuliza, "Ni nani asiyeujua mji akaao?" Sisi nasi tulicheka hivyo. Walakini tulipojihesabia, tuliona ya kuwa kwa miaka kadha wa kadha tumejua njia tatu tu: ya ofisini, ya sokoni, na ya kituo cha magari. Mahali pengine pote tulipajua kwa kupaandika.

Basi Jumamosi moja tuliondoka watatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bila pikipiki. Tulichukua maji ya kunywa na daftari moja.

Jambo la kwanza tulilojifunza lahusu jina. Nyamongo ni jina la Wanyamongo, ukoo mmoja wa Wakurya. Na ndani yake mna vijiji kama Kewanja, Nyangoto, Kerende na Genkuru. Mtu wa Kerende akiandikwa "mkazi wa Nyamongo" hakukosewa, lakini barua yake yaweza kuzunguka siku nyingi kabla ya kumfikia. Tangu siku ile twaandika kijiji na kitongoji.

Kutoka sokoni tulielekea upande wa machimbo ya dhahabu. Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 2002, na majina ya Nyabirama na Gokona yajulikana hata ng'ambo. Tulikuwa tumezoea kuvitazama vifusi kwa mbali kana kwamba ni vilima. Lakini aendaye kwa miguu huona jambo jingine: njia iliyonyoka hukoma penye uzio, naye hana budi kugeuka na kuzunguka.

Tulizunguka hata tukafika nyumbani kwa mama mmoja mzee. Tulimwamkia, akatupa viti, akatuuliza kazi zetu. Tuliposema ni makarani, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, basi ninyi ndio mliotuandikia tufike saa mbili asubuhi."

Barua hiyo tuliikumbuka, kwa kuwa tuliipiga chapa sisi wenyewe. Ilisema kwamba asiyefika kwa wakati jina lake litafutwa katika orodha. Yeye alifika saa tatu, na jina lake likafutwa. Hakutukemea, alitukaribisha uji. Tulipotazama saa, tulikuwa tumetembea saa moja na dakika ishirini tangu sokoni, nasi ni watu wenye nguvu, wala hatukubeba mzigo. Katika ramani ya ukutani kwetu, kati ya nyumba yake na ofisi hapazidi upana wa vidole viwili.

Mchana tulishuka mpaka mto Tigithe. Mwezi wa Mei mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka machimboni yakaingia mtoni humo, na wenyeji wakalalamika kwa ajili ya watu na mifugo yao. Habari hizo tulikuwa tumezisoma, lakini tulikuwa hatujasimama ukingoni tukaona jinsi nyumba zilivyo karibu na maji. Tigithe huingia mto Mara, utokao milima ya Mau katika Kenya na kupita mbuga za Serengeti, ukaishia Ziwa Victoria. Basi kimwagikacho hapa si shauri la Nyamongo peke yake.

Tulirudi jua likizama, miguu ikiuma.

Jumatatu tulimweleza mkubwa wetu mambo yote, wala hatukuficha kosa letu. Jina la yule mama lilirudishwa. Lakini majina mengine sita ya kitongoji kile yangali yakingoja, na wenyewe hawajui kwamba yaweza kurudishwa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, hatuji kusifu matembezi tu. Twaomba kila mwanachama atoe Jumamosi moja aende kwa miguu mpaka kitongoji cha mbali kabisa katika daftari lake, na saa mkononi; kisha ndipo aandike saa ya kufika watu. Wahenga walisema, "Usilolijua ni usiku wa giza." Nasi makarani tukiandika gizani, atakayejikwaa ni mwingine.

Sisi Jumamosi ijayo twaenda kuwapelekea habari wale sita. Apendaye kufuatana nasi tutakutana sokoni, saa kumi na mbili na nusu.