SOMO LA REDIO: USUKANI WA LORI UNAOCHEZA

Fungueni madaftari, shikeni kalamu. Somo letu la leo ni juu ya lori kuukuu ambalo usukani wake unacheza. Mimi si fundi. Kazi yangu ni elimu. Lakini somo hili lamhusu kila mtu apandaye lori kwenda mnadani, na kila mkulima apakiaye magunia yake.

Kwanza, tufahamu ugonjwa wenyewe. Dereva azungusha usukani kidogo, lakini magurudumu hayageuki. Azungusha zaidi, ndipo yanageuka, na lori linapita kule alikotaka. Alirudisha, nalo linapita upande wa pili. Basi lori haliendi sawa, linayumba tu.

Katika barabara ya udongo, dereva hudhani kuwa ni mashimo. Akiingia katika lami kati ya Katesh na Babati, mwendo ukazidi, ndipo ugonjwa unaonekana. Na akiteremka Mlima Magara kutoka Mbulu, penye kona kali na bonde kando, hapo hakuna nafasi ya kuyumba. Watu walio juu ya magunia ndio wa kwanza kuanguka.

Pili, tupime. Lori lisimame mahali tambarare, magurudumu yakielekea mbele. Kama usukani wake husaidiwa na mafuta, injini iwashwe. Geuza usukani polepole upande mmoja mpaka gurudumu la mbele lianze kusogea. Tia alama ya chaki. Rudisha upande wa pili mpaka gurudumu lianze kusogea tena. Tia alama ya pili. Sasa pima kwa rula katikati ya alama hizo mbili. Madereva wa malori wa Marekani hufundishwa kwamba usukani wenye upana wa inchi 20, yaani kama sentimeta 50, usicheze kupita inchi 2, yaani sentimeta 5. Ukipita hapo, lori lisiende safari.

Tatu, tutafute ugonjwa uko wapi. Kazi hii ni ya watu wawili. Vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Mmoja akae penye usukani, autikise kushoto na kulia, kidogo kidogo. Mwenzake aangalie chini.

Ataona nini? Nguzo ya usukani yashuka mpaka sanduku la gia za usukani. Katika sanduku hilo umetoka mkono wa chuma. Mkono huo wasukuma fimbo iendayo penye gurudumu. Fimbo nyingine ndefu, iitwayo tairodi, yaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Katika kila maungio mna chuma cha mviringo ndani ya kikombe, kama mfupa wa paja la mbuzi uingiavyo katika nyonga. Kikombe kikilika, chuma hucheza ndani yake. Basi aweke mkono juu ya kila maungio. Upande mmoja ukisogea, na upande wa pili usisogee, ugonjwa ni hapo.

Kisha inua gurudumu la mbele kwa jeki, na uweke gogo imara chini ya ekseli. Usiiamini jeki peke yake. Ikiteleza, itaua mtu. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Kucheza kukikoma, beringi za gurudumu zimelegea. Kukibaki, kingipini na bushi zake zimelika. Angalia pia bolti zinazofunga springi na ekseli. Zikilegea, ekseli yote huhama, na lori huyumba hata kama usukani ni mzima. Na msisahau upepo wa matairi: tairi la kushoto na la kulia yawe sawa.

Nne, nawaomba msikilize sana. Juu au ubavuni mwa sanduku la usukani mna skrubu ya kukazia. Watu wengi huanza hapo, kwa kuwa ni rahisi. Huo si utaratibu mzuri. Kama maungio yamelika, kukaza skrubu hakuponyi kitu. Tena, gia za usukani hulika zaidi katikati, kwa sababu safari nyingi ni za kwenda mbele. Ukikaza magurudumu yakiwa yamekatwa, gia zitabana yanaporudi katikati. Basi skrubu hukazwa mwisho wa kazi, magurudumu yakielekea mbele, kidogo tu. Baadaye geuza usukani wote, kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Ukibana mahali popote, legeza. Usukani ulio mgumu, usiorudi wenyewe baada ya kona, ni hatari kama ule unaocheza.

Tano, kutengeneza. Kichwa cha tairodi kilicholika hubadilishwa, hakichomelewi. Nati yake hufungwa kwa pini mpya, si kwa kipande cha waya. Kazi ikiisha, fundi apime tena mwelekeo wa magurudumu ya mbele kwa kufuata kitabu cha lori hilo, kwa maana tairodi ikiwa fupi au ndefu kuliko itakiwavyo, matairi yatalika upesi.

Sita, hapa ndipo kusoma na kuandika kunapofanya kazi. Maungio mengi ya malori ya zamani hutaka grisi. Grisi ikikosekana, vumbi huingia, na chuma hula chuma. Utingo ajuaye kuandika aweka daftari: tarehe, kilometa, mahali palipotiwa grisi. Mwenye lori ajuaye kusoma hawezi kudanganywa kwamba kazi imefanyika. Na wewe abiria, ukiona dereva ageuza usukani kushoto na kulia bila kupumzika katika barabara iliyonyooka, una haki ya kuuliza, na hata kushuka. Nauli yako haikununua kifo.

MANENO YA KUSOMA NA KUNAKILI
usukani – tairodi – maungio – kingipini – beringi – springi – grisi – pini

MASWALI
1. Kwa nini ugonjwa wa usukani huonekana zaidi katika lami?
2. Watu wawili wafanya kazi gani wakati wa kutafuta maungio yaliyolegea?
3. Gurudumu lacheza, breki ikikanyagwa, kucheza kwakoma. Ni nini kimelegea?
4. Hesabu: Lori lilitiwa grisi lilipofika kilometa 48,200. Tuseme kitabu chake chasema litiwe kila kilometa 1,500. Litiwe tena likifika kilometa ngapi?

Jibu la hesabu ni 49,700. Aliyekosa na ajumlishe tena pamoja na jirani yake. Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka kipindi kijacho.