Jina la Ndanda, uwanja wa Mtwara

Msikilizaji, baada ya taarifa ya habari za michezo, tuitazame kidogo klabu ya soka ya Ndanda FC, maarufu kama Wanakuchele.

Klabu hii ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, pamoja na Stand United na Polisi Morogoro. Jina ni la Ndanda, mji wa misheni ya Wabenediktini ulio chini ya uwanda wa juu wa Makonde, lakini mechi za nyumbani zilichezwa Nangwanda Sijaona, Mtwara mjini. Shabiki wa Ndanda alipaswa kupanda basi, apite Mtama na Mingoyo, ndipo aione timu yenye jina la kwao. Simba na Yanga walipokuja, safari hiyo ilifanyika bila manung'uniko. Walipokuja wengine, mmh!

Msimu wa 2018/19 ligi ilikosa mdhamini mkuu, na msimu huohuo korosho, ndiyo mfuko wa Kusini, iliingia kwenye mgogoro wa bei hadi jeshi likaitwa kuisomba. Klabu isiyo na tajiri ingepumulia wapi? Mwaka 2020 Ndanda ikashuka daraja. Mwaka huohuo, jirani zao Namungo wa Ruangwa, wageni kabisa wa ligi, walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba. Namungo walikuwa na uwanja wao, wadhamini, na viongozi waliowashika mkono.

Kwa maoni yangu, Ndanda haikuangushwa na miguu ya wachezaji. Viongozi wa Masasi na Newala, huko huko Kusini, timu hii ilihitaji wenyewe wa kuishika mkono.