Kovu Lililo Nyuma ya Jicho: Tusiwaahidi Wazee Tusichoweza Kuwapa

(Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi ya dayosisi mbele ya kamati za sharika na wageni wafadhili, Tabora)



Nimeombwa nizungumzie huduma ya macho kwa wazee. Naomba nianze kwa kuungama kosa langu. Katika moja ya kambi zetu za macho alifika bibi mmoja akiongozwa na mjukuu wake. Mtoto wa jicho alionekana wazi kwenye mboni. Mimi, kwa furaha ya mratibu anayeona orodha yake imejaa, nikamwambia, "Bibi, wiki ijayo utauona uso wa mjukuu wako."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bandeji ilipotolewa, bibi aliona mlango, akaona miembe ya nje, akaona hata kuku aliyepita kando yake. Kisha akamgeukia mjukuu akauliza, "Mbona uso wako haupo?"

Daktari alipomulika nyuma ya jicho akakuta kovu. Lenzi mpya ilikuwa safi, lakini mahali ambapo picha hupokelewa palikuwa pameharibika zamani. Aliyeahidi ni mimi, wala si daktari. Tangu siku ile nimejitahidi kuuelewa ugonjwa huu, na ndiyo sababu ya mada hii.

Jicho linavyofanya kazi

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Ndio unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo kama habari. Katikati yake kuna eneo dogo, lenye upana wa kama milimita 5, liitwalo makula. Tunapotazama uso wa mtu, tunaposoma Biblia, tunapotia uzi kwenye sindano, tunatumia makula. Sehemu iliyobaki ya retina hutuonyesha yaliyo pembeni na kutusaidia kutembea bila kujikwaa.

Chini ya seli zinazopokea mwanga kuna tabaka moja la seli nyingine ambazo naweza kuziita wahudumu. Huzipitishia chakula zile za juu na kuondoa takataka zake. Kazi hii ni kubwa, kwa sababu kila siku seli ya mwanga huachilia kiasi cha moja ya kumi ya ncha yake iliyochakaa, na mhudumu huimeza na kuisaga. Umri ukipita miaka 50 wahudumu huanza kuelemewa. Takataka zenye mafuta hujilundika chini yao. Kwa wengine hali huishia hapo. Kwa wengine wahudumu hufa polepole, na seli za mwanga hufa pamoja nao. Hiyo ndiyo aina kavu ya ugonjwa.

Kovu linatokeaje?

Aina ya pili, ya majimaji, huja kwa kasi zaidi. Jicho lililoelemewa hutoa kwa wingi protini iitwayo VEGF, ambayo kazi yake ni kuotesha mishipa ya damu. Mishipa mipya huota kutoka nyuma, hupenya chini ya makula, lakini ni dhaifu. Inavuja maji na damu. Mwili ukiona damu mahali pasipostahili, huanza kukarabati kama unavyokarabati jeraha lolote.

Hapa nawaomba mwakumbuke wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo. Bega lilichubuka, likapona, ngozi ikawa ngumu, na mpagazi akaweza kuendelea na safari. Begani, ukarabati ule ulikuwa msaada. Ndani ya jicho ukarabati huohuo ni hasara. Mwili hujenga nyuzi ngumu za kolajeni, na hata baadhi ya wale wahudumu hubadilika tabia: huacha kulisha na kusafisha, wakaanza nao kujenga nyuzi. Seli za mwanga zilizo juu ya kovu hukosa chakula na kufa. Hazioti tena.

Si kila ugonjwa wa macho uko hivyo, na njia yetu hii ya misafara ina kisa kinachotufundisha tofauti. John Hanning Speke na Richard Burton walifika Kazeh, hapa kwetu Tabora, mwaka 1857. Njiani Speke aliugua macho kwa uvimbe. Msafara ulipofika Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858, yeye aliona ukungu na mng'aro tu. Lakini uvimbe ulipungua. Mwezi Julai aliondoka Kazeh kwenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona Ziwa Victoria kwa macho yake mwenyewe. Uvimbe unaweza kupona na kuona kukarudi. Mtoto wa jicho huondolewa. Kovu la makula halina tone, mzizi wala upasuaji wa kulifuta.

Je, ni ugonjwa wa Wazungu?

Wengi walidhani hivyo. Utafiti ulioongozwa na Dk. Wanjiku Mathenge huko Nakuru, Kenya, mwaka 2007 na 2008, uliwapima watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Asilimia 11.2 walikuwa na dalili za awali, na asilimia 1.2 walikuwa wamefikia hatua ya mwisho. Kadiri watu wetu wanavyoishi miaka mingi zaidi, ndivyo tutakavyokutana nao.

Tiba ya aina ya majimaji ipo. Ni sindano ndani ya jicho inayoizuia ile VEGF, nayo hurudiwa, mara nyingi kila mwezi mwanzoni. Dawa mojawapo iliyo nafuu, bevasizumabu, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2013. Lakini sindano huzuia mishipa, haiondoi kovu. Katika jaribio kubwa la Marekani, karibu nusu ya macho yaliyotibiwa yalikuwa na kovu baada ya miaka miwili. Kwa hiyo wahenga walisema kweli: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu sisi, ambao reli ya kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, kila wiki ya kusubiri ina gharama yake.

Neno gumu kuhusu tumbaku

Nafahamu kwamba nazungumza Tabora. Tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge imelipa ada za watoto wetu na kuezeka baadhi ya makanisa yetu. Sisemi kwamba mkulima anapofuka kwa kulima. Nasema kwamba uvutaji wa sigara ndio chanzo kikubwa cha ugonjwa huu ambacho mtu anaweza kukiepuka. Hatuwezi kuhubiri afya ya macho tukalinyamazia hilo.

Tufanye nini?

Kwanza, asiandikwe mtu kwenye orodha ya upasuaji na kuahidiwa kuona kabla mtaalamu hajapanua mboni na kutazama nyuma ya jicho. Na pale mtoto wa jicho anapoziba njia, familia iambiwe mapema kwamba nyuma huenda kuna tatizo jingine.

Pili, kila kamati ifundishe kipimo cha daftari. Mzee avae miwani yake ya kusomea kama anayo, azibe jicho moja, atazame katikati ya ukurasa wenye mistari, kisha abadilishe jicho. Mistari ikionekana imepinda, au katikati pana doa, asisubiri kambi ijayo. Apelekwe kwa daktari wa macho ndani ya siku chache.

Tatu, tuwalinde waliokwisha pata kovu. Mzee asiyeona nyuso hupita bila kusalimu, lakini anaona kuku aliye pembeni. Majirani husema anajifanya, au ana jambo. Katika mikoa yetu tunajua maneno ya namna hiyo yamewafikisha vikongwe wapi. Kamati itoe maelezo kijijini mapema.

Kwa wafadhili wetu nina ombi moja. Taarifa zetu zimekuwa zikihesabu macho yaliyopasuliwa. Tuongezeeni safu nyingine katika taarifa: wazee wasiofaa kupasuliwa, waliopewa kioo cha kukuzia, taa nzuri, na mafunzo ya kutazama kwa pembeni. Safu hiyo haitakuwa na picha za kushangilia, lakini ni huduma kamili.

Yule bibi nilimtembelea tena. Nilimwomba radhi, naye akanipa kiti. Siku hizi anaelekeza macho kando kidogo ya mtu anayeongea naye, na hapo hupata kipande cha uso. Mjukuu wake naye amejifunza jambo dogo: kila aingiapo ndani hutaja jina lake kwanza.