Kugawa Kazi Kubwa: Mazungumzo juu ya Ujenzi wa Dandora



Maneno ya leo ni juu ya kazi kubwa, na jinsi ya kuigawa hata iwezekane. Watu wengi hushindwa na kazi si kwa uvivu wala kwa ukosefu wa akili. Hushindwa kwa kuwa huitazama yote kwa mara moja wakaogopa, au huishika pande zote kwa pamoja, nguvu zikaisha kabla upande mmoja haujamalizika. Wazee walisema, "Bandu bandu huisha gogo." Lakini methali hii ina sharti lake: mwenye shoka hana budi kupiga pale pale alipokwisha kuanza. Akipiga huku na huko, jioni atakuwa amechoka, na gogo liko zima.

Mfano wa jambo hili hauko mbali. Uko Dandora, kilometa 10 hivi toka katikati ya mji.

Zamani, katika mitaa kama Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, mpangaji alipewa nyumba iliyokwisha, na kazi yake ilikuwa kupokea ufunguo na kulipa kodi. Baada ya Uhuru mwaka 1963, watu walimiminika mjini. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilipata watu 509,286 katika Nairobi, na ile ya mwaka 1979 ikapata 827,775. Fedha za kumjengea kila mtu nyumba nzima hazikupatikana.

Basi mwaka 1975 Serikali ya Kenya na Baraza la Mji wa Nairobi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, walianza mpango wa viwanja 6,000 hivi huko Dandora. Shauri lenyewe lilikuwa kugawa kazi. Mambo asiyoyaweza mtu mmoja, yaani barabara, mabomba ya maji safi na mifereji ya maji machafu, yalifanywa na Baraza. Jambo aliwezalo mtu, yaani kujenga vyumba, liliachiwa mwenye kiwanja, naye akapewa mkopo wa vifaa. Viwanja vilikuwa vya mita za mraba 100 hadi 160. Walio wengi walikuta choo na mahali pa kuogea tu, vimesimama peke yao juu ya udongo mtupu.

Fikirini hali ya mtu huyo. Bado akaa katika chumba cha kupanga, na kodi yake haingoji. Kiwanja nacho chadaiwa malipo kila mwezi. Watoto wala, na karo ya shule yatakiwa. Kila mwezi anaokawia kuhamia ni mwezi wa kulipa mara mbili. Akishindwa, hukata tamaa, akamwuzia mwenye mali haki yake. Na walikuwako waliofanya hivyo. Kwa hiyo kuijua njia ya kugawa kazi kulikuwa ndiko kupata nyumba au kuikosa.

Tuseme wako majirani wawili, wenye fedha sawasawa. Wa kwanza achimba msingi wa vyumba vinne, anyanyua kuta zote nne nne mpaka kiunoni, na hapo fedha zaisha. Mvua za Machi zaja, udongo waporomoka, saruji iliyosalia ghalani yaganda kwa unyevu. Ametumia fedha nyingi, wala hana mahali pa kulaza hata mtoto mmoja. Wa pili ajenga chumba kimoja mpaka kwenye bati na kufuli, ahamia humo na jamaa yake, na ile kodi aliyokuwa akimlipa mwenye nyumba yawa fedha ya chumba cha pili. Chumba cha pili akikipangisha, chasaidia kujenga cha tatu. Hivyo ndivyo nyumba nyingi za Dandora zilivyokua.

Hapa ndipo penye siri ya kugawa kazi. Kila kipande sharti kiwe na mwisho wake na faida yake, hata fedha zikikatika leo, kilichokwisha kufanywa kiweze kusimama na kumfaa mtu. Kuta nne za kiunoni ni vipande vinne visivyo na faida. Chumba kimoja chenye paa ni kipande kimoja kilicho kamili.

Lakini mtu asidhani kwamba kugawa ni kuanza tu popote. Kwanza ramani ya nyumba nzima itazamwe na kufahamika. Mwenye kujenga chumba cha kwanza bila kujua cha tatu kitakaa wapi, huja akabomoa ukuta ili apate mlango. Kazi hufikiriwa nzima, ndipo ifanywe vipande vipande.

Pili, vipande viandikwe katika daftari kwa utaratibu wake: kupima, kuchimba msingi, kumimina zege, kuta, linta, paa, milango na madirisha, sakafu. Kando ya kila kimoja iandikwe bei ya vifaa, ujira wa fundi, na siku zitakazohitajiwa. Kipande ambacho bei yake haijulikani bado ni kikubwa mno, kigawanywe tena.

Tatu, ijulikane lipi hungoja lipi. Zege lipewe maji na siku za kukomaa kabla ya kubebeshwa ukuta. Paa liwe limekwisha kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei. Saruji inunuliwe ya kazi ya juma lile, isiwekwe miezi mingi.

Nne, fundi alipwe kwa kipande kilichokwisha na kukaguliwa, wala asilipwe yote mwanzoni.

Wako pia watu wa Dandora waliounda vikundi vya ujenzi. Kila mwezi kila mmoja alitoa mchango, na fedha za wote zikamjengea mmoja wao kwa zamu. Mzigo ambao ungemlemea mtu mmoja kwa miaka ukabebwa na wengi kidogo kidogo. Vikundi vya namna hiyo husimama kwa mambo mawili: hesabu iliyo wazi mbele ya wote, na uaminifu wa yule aliyekwisha kupata chumba, kwamba ataendelea kutoa mchango mpaka wa mwisho naye apate.

Njia hii haikuishia katika ujenzi. Baada ya mwaka 2010, vijana wa Dandora walioungana katika chama kiitwacho Dandora Transformation League hawakusema watausafisha mtaa wote. Walianza na viwanja vidogo vilivyo baina ya nyumba, kimoja kimoja, wakavifagia, wakavipaka rangi, wakapanda miti. Watu wa uwanja wa jirani walipoona, nao walitaka wao upendeze.

Mpaka leo wenyeji wa Dandora hutaja makao yao kwa Fezi: Fezi ya Kwanza, ya Pili, hata ya Tano. Majina hayo ni vipande vya kazi ile ya kwanza, vilivyokuwa makao ya watu.

Basi mwenye kazi kubwa mbele yake, iwe nyumba, iwe karo, iwe arusi ya binti, usiku wa leo na achukue daftari. Aandike kazi yote, aigawe, kisha achague kipande kimoja atakachokimaliza kabla ya mwisho wa mwezi huu. Na asikishike cha pili mpaka cha kwanza kimefungwa kufuli.