Pensheni ya Polisi wa Detroit

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, askari mstaafu, aliniambia kwamba polisi wa Marekani akishastaafu hana la kumsumbua. Mzee wangu, leo nakujibu.

Uko mji uitwao Detroit, katika jimbo la Michigan, mji wa viwanda vya magari. Polisi wake hawachangii mfuko wa taifa wa Social Security kwa kazi yao hiyo, hivyo tegemeo lao uzeeni ni pensheni ya mji. Katiba ya jimbo ya mwaka 1963 inasema pensheni hiyo ni mkataba, na haki ambayo mtumishi amekwisha kuichuma haipunguzwi. Ahadi ni deni, na hili liliandikwa katika katiba. Ungetaka dhamana gani zaidi?

Julai 2013 Detroit ilikwenda mahakamani kujitangaza muflisi. Desemba, Jaji Steven Rhodes akaamua kwamba sheria ya taifa ya ufilisi ina nguvu kuliko kifungu kile. Pensheni ikawa deni kama madeni mengine.

Serikali ya jimbo, mifuko ya hisani na jumba la sanaa la mji wakaahidi zaidi ya dola milioni 800 kuziokoa pensheni, na picha za jumba hilo zisiuzwe. Lakini wastaafu sharti wapige kura ya kukubali, la sivyo fedha hizo hazitoki na makato yatakuwa makubwa zaidi. Mwaka 2014 polisi na wazima moto wengi walikubali. Mimi siwezi kuiita hiyo hiari.

Pensheni yao yenyewe haikukatwa. Kilichokatwa ni nyongeza ya kila mwaka: kutoka asilimia 2.25, wakabakiwa na takriban asilimia 1. Mwenye dola 2,500 kwa mwezi, aliyetazamia nyongeza ya dola 56, alipata 25 hivi. Utasema ni kidogo. Lakini upungufu huo hurudi kila mwaka, na bei za vitu hazimngoji mzee.

Matibabu ndiyo yaliyoumia zaidi. Mahakama ya juu ya Michigan ilikwisha kuamua mwaka 2005 kwamba kifungu kile hakilindi bima ya afya ya mstaafu, na Detroit ikaipunguza vibaya. Bima ya wazee ya serikali, Medicare, kwa kawaida huanza mtu akifika miaka 65. Polisi aliyestaafu na miaka 52 alibaki na miaka 13 ya kujitafutia bima, akisaidiwa kidogo tu.