Kusoma ni bure, mtihani ndio unalipiwa

Maneno ya kamati ya masomo mbele ya wanamemba, Majengo



Vijana wetu wanatuuliza kila mara: nani anaweza kutulipia digrii ya kusomea kwa intaneti? Tumeona tuwajibu hapa, maana kuna watu mjini wanaokula makuta yao kwa kuwajazia fomu tu.

Kule kambini milango ilikuwako. Kiziba, Rwanda, wakimbizi wamesomea digrii ya Southern New Hampshire University ya Marekani kupitia Kepler. Kakuma na Dzaleka, Wajezuiti walileta masomo ya intaneti tangu 2010. Ufadhili wa DAFI, ule HCR inaendesha kwa msaada wa Ujerumani, uko tangu 1992. Lakini milango hiyo mingi inaomba karatasi ya ukimbizi, na mwenye alirudi kwao hana tena ile karatasi. Alirudi, akaacha na nafasi huko nyuma. Tunataka wafadhili walijue hilo.

Mlango wenye hauulizi kama uko mkimbizi ni University of the People, chuo cha Marekani kilichoanza 2009 na kinachofundisha kwa intaneti peke yake. Kufundishwa hulipi. Lakini kuna dola 60 za kuomba nafasi, na mtihani wa kila somo unapita dola 100. Digrii ni masomo 40: hiyo ni zaidi ya dola 4,000. Mama mwenye kuuza makala akisikia hesabu hiyo anasimama aende zake. Mama, ngoja kidogo! Haitoki siku moja. Inalipwa somo kwa somo, na hapo ndipo chama kinaweza kuingia.

Chuo chenyewe kina ufadhili kwa wasioweza kulipa mitihani. Vijana wengi wanangoja ufadhili kwanza ndio waombe nafasi, ni kinyume. Omba nafasi, kisha omba ufadhili. Diploma ya Leta iko kwa Kifaransa na masomo ya chuo ni kwa Kiingereza, basi itafsiriwe mapema. Wenye walisoma Uganda wako mbele kwa hiyo lugha, na tunawaomba wafundishe wenzao.

Kuna tena kizuizi kingine, na hiki ndicho kinatuumiza zaidi. Tangu Januari 2025 benki za hapa Goma zilifunga milango. Kijana anaweza kuwa na dola zake kwa simu, akakosa kadi ya kuzifikisha chuoni, na muhula ukampita hivi hivi.

Kwa hiyo, wafadhili, hatuombi mutume pesa kwa sanduku letu. Tunaomba mulipie chuo mukiwa huko, somo moja moja. Sisi tutawatumia alama za somo lililoisha mbele ya kuomba lingine. Tuanze na vijana watano, masomo mawili kila mmoja. Tukiona wameshika, tuongeze.

Wenye wanataka, walete diploma kwa mwandishi wa chama. Kujaza fomu tutawasaidia, na hatutaomba hata franka moja.