Nasaha Juu ya Kuacha Sigara
(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya sigara. Sikuja kumwaibisha mtu, kwani mimi mwenyewe nilivuta kwa miaka 26. Nilijifunza utotoni kwa kutumwa: mzee hunipa sigara nikamwashie jikoni, nami njiani huvuta mara mbili tatu ili moto usizimike. Mzee yule hakunikusudia ubaya. Nilipokuwa mtu mzima nikamtuma mwanangu vivyo hivyo, na siku nilipomwona akirudi na moshi ukimtoka puani, ndipo nilipozinduka.

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Sigara hununuliwa moja moja, na kwa hiyo mvutaji haoni kinachopotea, si fedha wala kifua. Sheria ya mwaka 2007 ya kudhibiti tumbako imekataza kuuza sigara moja moja, na kumwuzia aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria haiingii majikoni mwetu. Mlinzi wa humo ni sisi wenyewe.

Wako wasemao, "Mimi siwezi kuacha." Ndugu zangu, mbona twaweza? Waislamu miongoni mwetu huacha tangu alfajiri hata magharibi mwezi mzima wa Ramadhani. Taabu ni kwamba ikiadhiniwa magharibi, tende iko mkono huu na kiberiti mkono huu. Aliyeweza mchana kutwa amekwisha pata nusu ya safari. Asirudi nyuma usiku.

Shauri langu ni hili. Chagua siku, uwaambie mkeo na rafiki zako. Tupa kiberiti na kisahani cha majivu. Siku za kwanza ni kali: hasira huwa karibu na usingizi huwa mbali. Lakini hamu huja kama wimbi, hupanda na kushuka kwa dakika chache; kunywa maji, inuka utembee, nayo itapita. Wala usikimbilie ugoro au tumbako ya tambuu, kwani uraibu ni ule ule, na tumbako ya kutafuna huleta saratani ya kinywa. Ukiteleza, anza tena. Mimi niliteleza mara mbili. Madaktari watuambia kwamba baada ya mwaka mmoja hatari ya maradhi ya moyo iletwayo na sigara hupungua kadiri ya nusu. Hakuna mzee aliyechelewa.

Naomba mambo mawili, Bwana Mwenyekiti. Kwanza, mikutano yetu, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, isiwe na moshi. Pili, tangu leo mzee asimtume mtoto sigara. Atakaye na aende dukani mwenyewe kwa miguu yake. Huenda njiani akabadili nia.